Ziwa langu limegeuka rangi ya chai

Mjomba, habari za kazi na za familia.

Mimi ni mama wa miaka 61, mwalimu mstaafu. Naishi Nyegezi hapa Mwanza na mume wangu, ambaye naye alistaafu miaka minne kabla yangu. Watoto wetu wanne wana maisha yao, tumebaki na mjukuu mmoja wa miaka saba. Sina njaa wala ugomvi na mtu, ndiyo maana hata kuiandika shida yangu naona aibu.

Mwaka 1984 nilijiunga na Chuo cha Ualimu Butimba. Waliopita pale wanajua kwamba muziki, michezo na sanaa vilikuwa na wenyewe, na mimi nilikuwa wa sanaa. Nilichora mpaka taa za bweni zinazimwa. Mwaka 1986, tukikaribia kumaliza, nilichora wavuvi watatu wanavuta kokoro ufukweni. Mkufunzi wetu akaitundika ukumbini. Siku ya kuondoka akanirudishia, akasema, "Usiache." Nikaacha. Shule niliyopangiwa haikuwa na mwalimu wa jiografia, na wa Kiswahili alikuwa mmoja tu, nikafundisha hayo mawili hadi nikastaafu 2024. Miaka 38 uchoraji wangu ulikuwa ramani ya Tanganyika ubaoni na mlima wa volkano uliokatwa katikati.

Nilipopata kiinua mgongo nilitoa shilingi 380,000 bila kumwambia mzee, nikaagiza kutoka Dar es Salaam rangi za mafuta za tyubu, brashi, tapentaini, mafuta ya kuchanganyia na kanvasi tatu. Vyote viko chini ya kitanda, nimevifunga kwenye kanga pamoja na vitambaa vyangu vya kufutia brashi. Mzee akienda kwenye bao lake, nahamia chumba cha uani, nafunga mlango, nachora.

Mjomba, mkono umekufa. Nautuma huku, unakwenda kule. Mstari wa mtumbwi ambao zamani niliuvuta kwa pumzi moja, sasa unatetemeka kama wa mtoto wa chekechea. Ile picha ya 1986 nimeitundika mbele yangu ili inipe moyo, lakini naona inanicheka. Mwezi uliopita nilimaliza ya kwanza, akina mama wanaanika dagaa Luchelele. Mjukuu wangu akaitazama sana, kisha akaniuliza, "Bibi, mbona ziwa lako lina rangi ya chai?" Mimi nililiona liko sawa kabisa. Nimekutumia picha zote mbili kwa simu, utaamua mwenyewe.

Nyumbani nako mambo yamekaa vibaya. Mzee anakitaka kile chumba cha uani aweke vifaranga 200, na kila siku ananiuliza nakifanyia nini. Mwanangu mkubwa, niliyemdokeza siri hii, alinijibu kwamba picha hailiwi. Kwenye kikoba mwenzangu mmoja alisema kuchora ni mambo ya watoto na Wazungu, wote wakacheka, nami nikacheka nao. Akili yangu imehamia huko kiasi kwamba juzi nilipinda suruali nyeusi ya mzee kwa uzi wa bluu, akaenda nayo kanisani, wakamtania. Jioni nikitoka kwenye kikoba bodaboda sipandi tena, natembea pembeni ya barabara, maana taa za magari zinanitawanyikia usoni kama miiba. Nadhani ni uchovu.

Je, mkono uliolala miaka yote hiyo unaamka? Au niuze hizi rangi nifuge kuku kama wastaafu wenzangu?

Mwalimu wa Nyegezi

*

Mwalimu, shikamoo. Tumepishana miaka mitatu tu, lakini mwalimu ni mwalimu.

Wasomaji wapya hawajui kwamba kabla ya kukalia kiti hiki nilikuwa mchora mabango. Nimeandika "Hapa Kazi Nywele" kwenye vinyozi vya Makoroboi, nimechora samaki kwenye milango ya migahawa, na majina ya mitumbwi Mwaloni Kirumba siwezi kuyahesabu. Zilipokuja mashine za kuprinti mabango tukabaki na makopo yetu. Kwa hiyo leo sikujibu kwa hekima ya ndoa peke yake.

Tuanze na kitu ambacho hukuniuliza. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilipigia mstari vitu vitatu: ziwa la rangi ya chai, uzi wa bluu ulioudhania mweusi, na taa zinazotawanyika kama miiba. Wewe umevitaja kimoja kimoja, kimoja kama utani, kingine kama uchovu. Mimi si daktari, ila mama yangu mzazi alikuwa na hivyo viwili vya mwisho, na jina la ugonjwa wake lilikuwa mtoto wa jicho.

Lenzi iliyo ndani ya jicho huzeeka kama sisi. Inapoteza uangavu wake taratibu, na kwa watu wengi inaingia rangi ya njano inayoelekea kahawia, ukawa unatazama dunia kupitia glasi ya chai. Bluu ndiyo inayoumia kwanza. Bluu iliyokolea na nyeusi vinakuwa ndugu, na kijani kinaanza kufanana na bluu. Na kwa kuwa mabadiliko yanakuja kidogokidogo kwa miaka, mwenye jicho hajui. Wewe uliona ziwa lako liko sawa kwa sababu ziwa lenyewe na rangi uliyoichanganya umevitazama kwa jicho hilohilo, na pale ambapo jicho lilishindwa kutenganisha, mkono ukachukua tyubu ya jirani. Mjukuu ana lenzi ya miaka saba. Nilipofungua picha yako kwenye simu nami niliona chai, tena ya maziwa.

Umelaumu mkono kwa kosa ambalo huenda ni la jicho. Claude Monet, yule Mfaransa aliyechora mayungiyungi kwenye bwawa lake, aliambiwa na madaktari mwaka 1912 kwamba ana mtoto wa jicho. Aliogopa kisu miaka kumi na moja. Katika muda huo picha zake zilikwenda zikiwa nyekundu na kahawia, na akawa anategemea majina yaliyoandikwa kwenye tyubu ili ajue anachopaka. Alikubali kufanyiwa upasuaji 1923, akiwa na miaka 82. Siku hizi si jambo la kuogopa kiasi hicho: wanatia ganzi kwenye jicho, wanatoa lenzi yenye ukungu, wanaweka ya bandia. Mama yangu aliporudi nyumbani alikaa barazani akatazama kanga za jirani kwenye kamba, akauliza zimenunuliwa lini. Zilikuwa zilezile.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kubana tyubu nyingine, panda hospitali ya Bugando au nenda kliniki yoyote ya macho iliyo karibu nawe. Waambie habari ya uzi na ya taa kama ulivyoniambia mimi. Na waombe wapime pia presha ya macho, maana hiyo ndiyo inayokuja kimyakimya, na uono inaouchukua haurudi. Sukari nayo ipimwe, inaweza kuharibu macho kabla mtu hajajijua. Inawezekana wakakuta hakuna kitu, tukacheka. Lakini nenda.

Sasa mkono.

Mwalimu, umekosea kuanzia ulipoishia. Mtu aliyekaa miaka 38 bila kukimbia hasajiliwi kwenye mbio ndefu, anaanza kwa kuzunguka nyumba. Wewe umeanza na kanvasi, rangi za mafuta, na kundi la akina mama wanane wameinama, tena mlango umefungwa na sikio liko nje kusikiliza kama mzee karudi. Hata mimi mkono ungetetemeka.

Rangi ziweke kando kwanza. Chukua mkaa wa jikoni, vipande vyembamba, na karatasi za kaki za kufungia mizigo au magazeti ya zamani. Bandika karatasi ukutani kwa usawa wa kifua, usiiweke mezani. Simama. Vuta mistari mirefu ukitumia bega, kiwiko kikifuata, kifundo cha mkono kikiwa kimetulia. Wewe umeandika ubaoni miaka 38, hilo bega linajua kazi kuliko unavyodhani. Ni vidole ndivyo vilivyosahau, na uzuri ni kwamba kwenye mistari mirefu vidole havihitajiki. Jaza karatasi tano kila asubuhi, zitumie kuwashia jiko, kesho jaza nyingine. Zichome kweli. Karatasi inayokwenda motoni haimwogopeshi mtu.

Kwa vitu vidogo, nikupe siri ya mabango. Hatukuwa na mikono ya chuma, tulikuwa na fimbo. Unachukua fimbo nyepesi ya urefu wa mkono wako, ncha moja unaizungushia kitambaa mpaka iwe kama ngumi ya mtoto, unakifunga. Mkono wa kushoto unaishika fimbo, ile ncha yenye kitambaa inaegemea ukingo wa ubao, na mkono wa kulia wenye brashi unakaa juu ya fimbo kama mtu aliyeegemea ukuta. Herufi zote zilizonyooka unazozikumbuka kwenye maduka ya zamani ya mji huu zilipita juu ya fimbo hiyo. Kama mpini wa brashi ni mwembamba na vidole vinauma, uzungushie mpira wa tyubu ya baiskeli.

Mkaa ukishakuzoea, nenda kwenye mawe. Tumezaliwa katika mji ambao Mungu alimwaga miamba akasahau kuipanga, halafu tunakaa ndani tunahangaika cha kuchora! Jiwe lina huruma na mchoraji, hata ukilikosea halitaonekana limekosewa. Anza na Jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga, kila mtu analijua, ndiyo maana hakuna anayelitazama. Ila usichore jiwe. Chora anga lililobaki kati ya jiwe la juu na la chini, ile pembe ya mwanga, na umbo la maji yaliyokatwa na mguu wa mwamba. Ukichora jiwe, kichwa kitakuletea jiwe lake la kwenye vitabu, la mviringo kama andazi. Anga halina umbo kichwani, kwa hiyo inabidi ulitazame. Ukimaliza matundu utakuta mawe yamejipanga yenyewe.

Nenda asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu. Ghuba yetu iko magharibi mwa mji, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni kwako na mwamba umewaka. Utaona kumbe si wa kijivu: una waridi, una mistari myeusi ya maji ya mvua, una madoa ya kuvu kama kutu. Saa sita kivuli kiko chini ya miguu, hakuna cha kuchora. Jioni ndiyo wapiga picha wanapenda, jua linazama ziwani, lakini kwa macho yako ya sasa mng'ao ule ni adui, uache mpaka daktari aseme.

Nirudi kwenye zile picha mbili, maana hapo nina neno. Ya 1986 ni nzuri. Hata hivyo ikuze kwenye simu, mtazame yule mvuvi wa kati. Kamba inapita mkononi mwake bila kushikwa, na wote watatu wanavuta kokoro zito migongo ikiwa imenyooka kama wako gwaride. Binti wa miaka 22 aliyeichora alijua kuvuta mistari, hakujua uzito. Halafu njoo kwenye ya mwezi uliopita. Rangi tuiache. Yule mama wa kulia, mwenye kilemba, ameinama kwenye chanja, mkono mmoja uko kwenye dagaa na mwingine ameuweka kiunoni nyuma. Hakuna uso, na mstari umetetemeka kweli. Lakini kiuno kile kinauma. Nimekitazama nikamkumbuka mama. Yule binti wa Butimba asingeweza kukichora hata apewe mwaka. Kwa hiyo ile ya zamani ishushe ukutani, usiitupe, iweke sebuleni wageni waione, na huku unakochorea weka huyu mama wa chanja.

Kuhusu vitu vyako vya chini ya kitanda, hapa naongea kwa ukali kidogo. Ile chupa ya mafuta ya kuchanganyia soma kibandiko chake. Kama ni mafuta ya mbegu za kitani, na mara nyingi ndiyo hayo, vitambaa vilivyolowa vikikunjwa na kusokomezwa mahali pasipo hewa hujipasha joto vyenyewe vinapokauka, na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitoe leo. Vitandaze uani kimoja kimoja mpaka vikauke vikakamae, au vitie kwenye kopo la maji lenye kifuniko kabla ya kuvitupa. Tapentaini nayo haikai chumba cha kulala, mvuke wake unaumiza kichwa na unashika moto haraka. Kwa miezi hii ya mwanzo tumia rangi za maji au akriliki, zinaoshwa kwa maji ya bomba na zinakauka kabla mzee hajamaliza bao. Za mafuta zitakusubiri, tyubu iliyofungwa vizuri haiozi. Na kanvasi za kununua ziache kwanza: nunua kipande cha hadibodi, kwangua kwa msasa, paka mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji ya ukutani. Mwenye duka akikuuliza "ya maji au ya mafuta?" sema ya maji, ya mafuta kwake ni ile ya mageti. Sisi wa mabango tumechorea humo miaka yote.

Na hapo ndipo tunamfikia mzee. Mwambie. Fedha ni jasho lako, sina ubishi, lakini mtu mliyelala naye kitanda kimoja kumlaza juu ya tapentaini bila habari si haki. Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe harufu itakutangulia kilio. Mwambie kiasi chote, 380,000, usipunguze. Kisha mpe kile chumba. Ndiyo, mpe. Vifaranga wiki za mwanzo wanataka joto, atawawekea jiko la mkaa au taa kali, na moto na tapentaini havikai nyumba moja. Vumbi la kuku na manyoya vitakwama kwenye kila picha mbichi. Chumba kile ni cha gizagiza tena, nimekiona nyuma ya picha uliyonitumia. Wewe dai baraza. Dai ule upande usiopigwa na jua moja kwa moja, meza moja, na saa mbili za asubuhi ambazo hutaulizwa chai iko wapi. Ukimwachia chumba kizima, mzee akikataa baraza niandikie, tutamjadili hapa hadharani bila jina.

Mwanao yuko sahihi, picha hailiwi. Pensheni inaliwa, kuku wa baba yake wataliwa, inatosha. Ushauri wa "anza kuuza mama" utakuja kutoka kwake mwenyewe siku akiona picha moja nzuri, nami naupinga mapema: mwaka wa kwanza usiuze hata moja. Ukianza kuuza sasa utachora twiga na Mmasai kwa ajili ya mgeni anayepita, na yule mama wa chanja hatarudi tena.

Yule mwenzako wa kikoba mwambie hivi. Usukumani Bayeye, wale wacheza nyoka, walikuwa wanachora nyoka na watu kwenye kuta za ndani za nyumba zao, na hakuna Mzungu aliyewafundisha. Na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora 1968 akiwa na miaka kama 36, kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya bodi. Akafa 1972. Kila kitu kinachobeba jina lake kimetoka kwenye ile miaka minne. Wewe una 61 na pensheni, na vifaa vya shilingi laki tatu na themanini.

Niandikie ukitoka kliniki. Na ile suruali ya mzee usiifumue sasa hivi, utaishona kwa bluu tena. Mpe mjukuu achague uzi.

Mjomba